Nani Aliwapa Kiti cha Hakimu? Maisha ya Seyyid Barghash

Ukitoka Tanga mjini ukashika barabara ya Pangani, kabla hujamaliza kilometa ishirini utakuwa umefika Tongoni. Wageni huja kuona magofu: msikiti wa mawe uliobaki kuta, na makaburi ya kale yenye minara. Habari za makaburi hayo zimeshaandikwa na watu wenye elimu kuliko mimi. Mimi niliyezaliwa huko nataka kuleta habari ya karibu zaidi. Mwaka 1886, baada ya tume ya mataifa matatu ya Ulaya kupita mwambao wetu, iliamuliwa kwamba nchi ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara inaanzia baharini na kuishia maili kumi tu kwenda ndani, yaani kama kilometa 18 na nusu hivi. Kwa kalamu ile Tongoni ikawa ndani, Muheza ikawa nje. Mtu aliyebeba ng'onda zake kwenda kuuza huko juu alivuka mpaka wa dola bila kuuona.

Sultani aliyekatiwa nchi namna hiyo alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Shuleni tunamkuta kwenye mistari miwili mitatu: alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, akajenga Beit al-Ajaib, akanyang'anywa bara na Wajerumani. Basi, tunageuza ukurasa tunakwenda kwa Abushiri. Lakini ukiyasoma maisha yake yote kwa pamoja utaona jambo moja linajirudia. Mara tatu katika umri wake watu wa nje walikaa kwenye kiti cha hakimu wakaamua mambo ya Zanzibar, na kila mara swali lilikuwa lile lile: nani aliwapa kiti hicho, na mamlaka yao yanafika wapi?

Nalileta swali hilo hapa kwa sababu nimelisikia sana kwenye vimbweta, ila watu hulisema kwa majina mengine. Wanabishana kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Kuna wanaosema ni dharau kwa majaji kutoka nchi nyingine kuliambia Bunge letu au Mahakama yetu ya Rufani kwamba imekosea. Kuna wanaosema bila mahakama hiyo mwananchi akishindwa nyumbani hana pa kwenda. Wote wawili wanamtaja mkoloni, kila mmoja kwa upande wake. Sasa, kama tunamtaja mkoloni, hebu tumtazame vizuri alivyohukumu.

Barghash alizaliwa takriban mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan na suria wa Kihabeshi. Baba yake alitawala Oman na Zanzibar kwa pamoja, na alipokufa melini mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati kuja Unguja, Barghash alikuwa naye humo melini. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tisa. Tangu siku hiyo alitaka ufalme, lakini aliyekaa kwenye kiti Unguja alikuwa kaka yake Majid, na Maskati akakaa kaka mwingine, Thuwaini. Thuwaini akadai Zanzibar ni yake pia, au angalau ilipiwe kodi.

Mwaka 1859 Barghash akajaribu kumpindua Majid. Alisaidiwa na baadhi ya ndugu zake, akiwemo dada yake Salme, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa jina la baadaye, Emily Ruete. Jaribio likashindwa, na sababu kubwa ni kwamba manowari ya Kiingereza iliyokuwa bandarini iliingia upande wa Majid. Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni, akakaa huko kama miaka miwili.

Akiwa Bombay ndipo ilipotoka hukumu ya kwanza. Majid na Thuwaini walikubali ugomvi wao upelekwe kwa mtawala wa Kiingereza wa India, Lord Canning. Yeye akamtuma ofisa wake kuchunguza, na tarehe 2 Aprili 1861 akatoa uamuzi: Zanzibar na Oman ziwe nchi mbili, na Zanzibar iilipe Oman riali 40,000 kila mwaka. Kwa hiyo utawala wa Zanzibar kama dola yenyewe ulipata uhalali wake kwenye karatasi ya mpatanishi wa kigeni, aliyekaa bara Hindi.

Hapa niwe mkweli kwa pande zote. Uamuzi wa Canning haukuwa wa bure. Waingereza walikuwa na maslahi yao, na dola mbili dhaifu ziliwafaa kuliko moja yenye nguvu. Lakini ndugu wale wawili walikubali kupeleka shauri, wote wawili walisikilizwa, na vita iliyokuwa inakuja ikazuiwa. Ukiondoa ubaya wake, ulikuwa na sura ya mahakama: wadai wawili waliokubali hakimu mmoja. Shika hilo, tutalirudia.

Majid alikufa Oktoba 1870, na Barghash, aliyekwisha kurudi nyumbani, akatawala. Alianza kwa mkosi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, zikiwemo meli zake mwenyewe. Hazina ikawa imetoboka. Na ni wakati huo huo Waingereza walipokuja kumtaka asimamishe kabisa biashara ya watumwa, biashara iliyokuwa inampa ushuru.

Januari 1873 akafika mjumbe wao, Sir Bartle Frere. Barghash akamkatalia. Frere akaondoka mikono mitupu, na kazi ikaachiwa balozi wao Unguja, John Kirk, ambaye alikuwa na kitu ambacho Frere hakukitumia mpaka mwisho: tishio la kuziba bandari kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku na soko la watumwa la mjini likafungwa. Pale lilipokuwa soko leo kuna kanisa kuu la Kianglikana. Miaka mitatu baadaye, 1876, akatoa na amri za kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Na hii ndiyo hukumu ya pili, ila haikuwa ya siku moja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 balozi wa Kiingereza Unguja alikuwa na mamlaka ya kuendesha mahakama ya mambo ya bahari. Manowari ilikamata jahazi linaloshukiwa kubeba watumwa, ikalipeleka kwa balozi, naye akaamua kama limekamatwa kihalali. Likionekana na hatia, jahazi lilichukuliwa au kuharibiwa, na waliokuwemo wakaachwa huru. Baada ya mkataba wa 1873, mkono wa mahakama ile ukawa mrefu zaidi.

Tuitazame kwa jicho la mwanafunzi wa sheria. Hakimu alikuwa ndiye huyo huyo mwanadiplomasia anayembana Sultani mezani. Mabaharia waliokamata jahazi walipata bakshishi kwa kila kesi waliyoshinda, kwa hiyo walikuwa na sababu ya kuona mtumwa hata pale ambapo palikuwa na abiria tu. Malalamiko ya majahazi yaliyochomwa moto bila hatia yalikuwepo, na Waingereza wenyewe waliyachunguza. Mwenye jahazi kutoka Tanga au Pangani hakuwa amemchagua hakimu yule wala sheria ile. Kwa vipimo vyetu vya darasani, mahakama hiyo inafeli.

Lakini sasa ngoja. Mtazame na mtu aliyekuwa chini kwenye ngama ya jahazi lile, amefungwa, katolewa Nyasa au Uzaramo. Mwulize yeye kama balozi alikuwa na uhalali wa kukaa kwenye kiti. Mtu yule hakuwa na kadhi wa kumpelekea shauri kwamba yeye si mali. Sultani alikuwa na uhuru wa nchi, lakini uhuru ule ulikuwa wa Sultani. Haukumfika yule wa kwenye ngama. Kwake yeye, mahakama mbovu ya mgeni ndiyo ilikuwa mlango pekee uliofunguka.

Hapa ndipo mimi nilipobadilisha namna ya kusoma maisha ya Barghash. Nilikuwa namsoma kama mwenye nchi anayeonewa, na ni kweli alionewa. Ila tunapouliza kama mahakama ya nje ina haki ya kuingilia, jibu linategemea tunamwuliza nani. Mtawala ataona kiti kimeibwa, na aliyenyimwa mahakama nyumbani ataona mlango. Mtu anayebishana kwenye kimbweta akasema mahakama za nje zinavunja uhuru wetu, mwulize kwa upole: uhuru wa nani hasa?

Nisimfanye Barghash kuwa mtu wa mikataba tu, maana alikuwa mjenzi. Mwaka 1875 alitembelea London. Alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji mpaka Mji Mkongwe, watu wakayachota bure. Alinunua mtambo wa kuchapa vitabu. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa refu kuliko yote mjini, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 sote tukaona picha. Alianzisha jeshi la askari chini ya Luteni wa Kiingereza, Lloyd Mathews. Na kwa miaka mingi alimtegemea Kirk kama mshauri. Aliamini kwamba akitimiza anayotakiwa, Waingereza watamlinda.

Imani ile ilijaribiwa mwaka 1884. Mwishoni mwa mwaka huo kijana wa Kijerumani, Karl Peters, alipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akiwatilisha saini wakubwa wa vijiji kwenye karatasi wasizoweza kusoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo kana kwamba zimenunuliwa kihalali. Barghash akapeleka malalamiko Berlin kwa telegramu, akieleza kwamba nchi hizo ni zake. Alituma na askari. Jibu likaja Agosti 1885: manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya jumba lake. Katika msafara ule aliletwa na Salme, dada yake, aliyekuwa amekaa Ujerumani miaka mingi, akidai urithi wake. Fikiria uso wa Barghash akichungulia dirishani. Mabunduki ya meli yapo baharini, na dada aliyemsaidia mwaka 1859 yupo kwenye msafara huo huo. Siku chache baadaye akakubali matakwa ya Wajerumani.

Ndipo ikaja hukumu ya tatu. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zikaunda tume ya kutafuta mipaka halisi ya Sultani. Kila moja ikapeleka mjumbe. Wa Kiingereza alikuwa Kitchener, yule yule aliyekuja kuwa mkubwa wa majeshi yao baadaye. Barghash, ambaye nchi ilikuwa yake, hakupewa kiti cha mjumbe. Tume ikapita mwambao kuuliza: bendera ya Sultani iko wapi, askari wake wako wangapi, nani anamlipa ushuru. Kitchener aliona dalili za utawala wa Sultani kufika mbali zaidi ndani. Mjerumani alitaka iwe finyu kabisa. Mwishowe wakaelekezwa kuandika yale tu ambayo wote watatu wamekubaliana, na kwa kanuni hiyo mwenye kukataa sana ndiye anayeshinda. Ripoti ikatiwa saini Juni 1886.

Kufikia tarehe 1 Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wameshamaliza mapatano yao. Sultani akaachiwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ule utepe wa maili kumi kutoka Kipini kaskazini mpaka karibu na Ruvuma kusini. Nyuma ya utepe, mstari ukachorwa kutoka mlango wa mto Umba, kaskazini ya Tanga, ukapita pembeni ya Kilimanjaro mpaka Ziwa Victoria. Kusini kwa Wajerumani, kaskazini kwa Waingereza. Desemba Barghash naye akatia saini ya kukubali.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nikiwaeleza kidato cha tatu mambo haya, mwanafunzi mmoja wa nyuma akaniuliza mbona Sultani hakukata rufaa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki zile sita. Akate rufaa wapi? Waliochora mpaka ndio waliogawana kilichobaki nje ya mpaka. Hapakuwa na chombo chochote juu yao ambacho mtu mweusi au Mwarabu wa Unguja angekwenda kusema: hawa wamekuwa mahakimu katika kesi yao wenyewe.

Basi turudi kwenye lile nililosema ulishike. Canning mwaka 1861 alikubaliwa na pande zote mbili kabla ya kuhukumu. Tume ya 1886 haikukubaliwa na mwenye shauri, ilimletea karatasi mwishoni akiwa amechoka na hana meli. Zote mbili zina saini ya Zanzibar mahali fulani, lakini saini hizo si sawa. Saini iliyotangulia kesi ni ridhaa. Ile ya Desemba 1886 ilikuja baada ya kesi, na mizinga ya mwaka uliopita ilikuwa haijasahaulika.

Barghash hakuishi kuona mwisho. Alikuwa mgonjwa, akaenda Oman kutafuta nafuu, akarudi na kufariki Unguja mwezi Machi 1888, akiwa na miaka kama hamsini. Mwezi mmoja baadaye ndugu yake Khalifa, aliyemrithi, akawakodisha Wajerumani wa ile kampuni utawala wa utepe wetu. Agosti 1888 wakatweka bendera yao Pangani, na mwambao mzima ukawaka vita. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 utepe ukauzwa moja kwa moja kwa marki milioni nne, na zile maili kumi alizoachiwa Sultani zikawa si zake tena. Uamuzi wa tume ile haukudumu hata miaka mitano, kwa sababu hakuna kilichowalazimisha waliouamua kuuheshimu.

Sasa tuvuke miaka. Mwaka 1998, mjini Ouagadougou, nchi za Afrika zilikubaliana kuunda mahakama yao ya haki za binadamu. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2006, na mwaka uliofuata mahakama ikahamia Arusha. Machi 2010 serikali yetu ikafanya jambo ambalo nchi chache sana za Afrika zilifanya: ikatoa tamko la kuruhusu mwananchi wa kawaida na asasi kuipeleka moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, baada ya kumaliza ngazi za nyumbani. Hakuna manowari iliyokuwa bandarini Dar es Salaam siku hiyo. Tulitia saini wenyewe, kabla ya kesi.

Kesi maarufu ikaja mwaka 2011, ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama ya Arusha ikaamua kwamba kumlazimisha mtu awe na chama ndipo agombee kunavunja haki zake chini ya Mkataba wa Afrika. Jaji Mtanzania hakukaa kwenye kesi hiyo, kwa sababu kanuni haimruhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Linganisha na Kirk. Linganisha na tume ya 1886.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zimepita bila mgombea binafsi. Hapo ndipo unapoona ufiko wa mahakama ya nje kwa kweli: inaweza kusema, haiwezi kutekeleza. Haina askari wala meli. Wanaoiogopa kama vile ni manowari mpya, nadhani hawajaitazama. Udhaifu wake mkubwa ni kinyume cha nguvu za 1886.

Novemba 2019 serikali ikaliondoa tamko lile, kwa maelezo kwamba limekuwa likitumika kinyume na masharti iliyoyaweka. Mahakama ikashikilia kwamba kujitoa kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, na hakuzigusi kesi zilizokwisha kufunguliwa. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 mlango wa moja kwa moja umefungwa. Rwanda ilitangulia kuufunga, na Benin na Côte d'Ivoire nazo zikafunga. Njia ya Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, ingalipo, lakini ni ndefu na wengi hawaijui.

Nataka niwape haki wanaounga mkono kujitoa. Hoja yao si upuuzi. Majaji kumi na mmoja tusiowapigia kura, wakiamua juu ya Katiba yetu, ni jambo la kuuliza maswali. Je, wanaheshimu mazingira ya nchi? Je, ngazi za nyumbani zinamalizwa kweli? Nchi ina haki ya kuuliza, na ina haki hata ya kujitoa, kwa sababu iliingia kwa hiari. Barghash hakuwa na haki hiyo, na huo ndio utofauti wenyewe. Lakini kuiita Arusha ukoloni ni kuwakosea adabu waliotawaliwa kweli. Mahakama tuliyoiunda na nchi jirani, yenye majaji Waafrika waliochaguliwa na Umoja wa Afrika, inayomsikiliza mshtakiwa na kumwondoa jaji mwenye maslahi, si ndugu wa tume iliyomkata Sultani maili kumi. Ni kitu ambacho mwanafunzi wangu wa nyuma alikuwa anakitafuta alipouliza habari ya rufaa.

Na kuna yule wa kwenye ngama. Kesi nyingi zilizoletwa Arusha dhidi ya Tanzania hazikuwa za wanasiasa. Zilikuwa za wafungwa, watu waliohukumiwa miaka thelathini au kunyongwa, wengine bila kuwa na wakili. Kwao mabishano ya uhuru wa dola yanapita juu juu. Wanachouliza ni kama kuna mtu mwingine yeyote, popote, atakayelisoma jalada lao tena.

Sisi tunaosomea ualimu tutaingia madarasani mwaka kesho kutwa kufundisha mwaka 1886. Tutachora ramani ubaoni, tutawakaririsha watoto Kipini, Ruvuma na mto Umba. Naomba tusiishie hapo. Tuwafundishe kuuliza maswali matatu juu ya kila anayekaa kwenye kiti cha hakimu, awe wa Zanzibar, wa Berlin, wa Dodoma au wa Arusha: nani alikubali ahukumiwe naye kabla ya kesi kuanza, je, anayehukumiwa alisikilizwa, na je, hakimu anafaidika na hukumu yake. Barghash alishindwa kwa sababu mwaka ule hapakuwa na mahali pa kuyauliza maswali hayo. Mahali hapo pamejengwa, ni safari ya siku moja kwa basi kutoka Tanga. Leo mtu wa Tongoni aliyemaliza Mahakama ya Rufani akilipanda basi hilo na jalada lake mkononi, atafika Arusha salama, na hatapokelewa. Tamko liliandikwa kwa hiari yetu na likafutwa kwa hiari yetu. Kuliandika tena hakuhitaji manowari ya mtu.